Gauni la Kijani Kwenye Runinga ya Tavira

Tavira, 11 Mei

Dada yangu Terttu,

Salamu kutoka kwenye jua lisilojua kupumzika. Mimi ni mzima. Magoti yameacha kulalamika tangu nihamie huku, na binti yangu Päivi na mumewe Duarte wananienzi mpaka naona haya. Juzi mkwe alinichomea samaki uani, nikamaliza sahani mbili, akanipigia makofi kama nimeshinda mashindano. Wewe je? Barafu imeshaondoka ziwani? Na Aimo jirani, bado anakuja kunywa kahawa yako bila kualikwa? Mwambie huku kahawa wanakupa kwenye kikombe cha mwanasesere, angekufa siku ya pili.

Najua simu ni ya misiba na sikukuu tu. Mama alituwekea hivyo na tumezeeka nayo, kwa hiyo naandika. Jambo lenyewe ni la sikukuu ya tarehe sita Desemba. Tangu baba alete runinga ya kwanza hatujawahi kukosa usiku wa Uhuru, mimi na wewe kwenye kochi moja, mishumaa miwili dirishani, wageni wa Rais wakipita mmoja mmoja kumpa mkono, na sisi tukiyapa magauni alama za shule, nne ya kufeli mpaka kumi. Kumi hatujawahi kumpa mtu. Mwaka huu nitakuwa huku, na nimeapa sikosi. Nitaangalia huku, wewe uangalie huko, na simu iwe sikioni.

Basi nimenunua runinga. Runinga janja, ndivyo wanavyoiita, inaingia kwenye intaneti yenyewe. Kubwa, Terttu! Msoma habari ana kichwa kikubwa kuliko changu. Tumeiwasha, ikaniuliza niko nchi gani. Nikaijibu Ureno. Kumbe hapo ndipo nilipoharibu, maana imenipa mambo ya Kireno tu na televisheni yetu ya taifa haimo kabisa. Duarte anasema ningejibu Finland. Nikamwambia, mwanangu, nimekaa hapa Tavira, miguu yangu iko kwenye vigae vyako, nitasemaje niko Finland? Alicheka mpaka akakaa chini. Acheke. Sijawahi kuidanganya ofisi ya kodi, sianzi leo na runinga.

Nakubusu mashavu yote mawili, ndivyo wafanyavyo huku.

Mdogo wako, Raili


Nurmes, 9 Juni

Raili, mkaidi wangu,

Barua imefika, na mabusu hayo mawili nimeyapokea kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuona. Barafu iliondoka ziwani wakati wake. Aimo yuko jikoni kwangu hivi ninavyoandika, amemaliza mikate yangu myeusi yote, anasema hakusalimii kwa sababu uliondoka bila kumrudishia ngazi yake. Banda la sauna nimelipaka lami mpya mlangoni. Afya yangu ni ya mtu wa miaka sabini na nane, usiulize zaidi.

Gauni la Sirpa Tolonen nimemaliza kulishona. Unamkumbuka, yule anayeongoza kikundi cha kutafuta waliopotea msituni, aliyemtoa mzee Ruotsalainen kinamasini akiwa hai. Ni la harusi ya mwanawe. Sufu nyembamba ya kijani, ile kijani iliyoiva, na vifungo vya kitambaa mgongo mzima kutoka shingoni. Limenichukua muda mrefu kuliko nilivyozoea. Baada ya hilo nimeifunika cherehani na shuka. Wateja wananichosha, na hakuna ninayemdai wala anayenidai.

Sasa hiyo runinga. Wewe ni mjinga, nakuambia kwa mapenzi. Ulipokuwa na miaka saba ulikwenda kumwambia mwalimu kwamba umekula tufaa lake, na hakuna aliyekuuliza. Hukubadilika. Irudie hiyo mashine, iambie Finland, ikukubalie, tumalize. Siwezi kukaa na Aimo usiku wa Uhuru. Yeye kila gauni anasema "zuri hilo," hata lile la mwaka ule lililofanana na pazia la treni.

Una furaha huko? Hukuandika.

Dada yako, Terttu


Tavira, 1 Julai

Dada Terttu,

Ngazi iko nyuma ya sauna yangu, mwambie Aimo aache kuchafua jina langu. Sisi wote wazima. Usiku wa katikati ya kiangazi majirani waliwasha moto barabarani na kuuruka, nami nikalia kidogo kwa kukumbuka moto wetu wa ziwani, halafu bibi Graça wa nyumba ya pili akanipa kipande cha mkate na dagaa, nikanyamaza. Päivi amepandishwa cheo. Duarte amevunjika kidole cha mguu kwa kupiga teke ndoo, na hataki mtu aseme ni ndoo.

Kuhusu runinga, kesi imekuwa ngumu. Ili ibadilishiwe nchi lazima ifutwe kila kitu irudi kama ilivyotoka kiwandani, na mle Duarte amepanga mechi zake zote. Yeye mwenyewe anasema si kitu, Mama, tufute. Ni mimi ndiye ninayekataa. Kisha akaniambia kuna njia nyingine, kuipitisha intaneti yetu Helsinki kwanza ili runinga idhani tuko huko. Nikamuuliza, kwa hiyo tunaingia nyumbani kwetu kupitia dirishani? Akasema ndiyo. Nikamwambia wanangu hawajawahi kuingia nyumba ya mtu kupitia dirishani.

Nimejaribu kwenye simu ya Päivi. Kioo cha simu kile, Rais mwenyewe ni wa ukubwa wa kidole gumba. Gauni utaliona wapi?

Lakini usiwe na wasiwasi, Desemba ni mbali.

Raili wako


Nurmes, 27 Agosti

Raili,

Usishangae kalamu. Ni ile nene ya Aimo ya kuandikia masanduku ya viazi. Yangu imekauka.

Nimechelewa, najua. Kulikuwa na mambo. Viazi ni vizuri mwaka huu. Binamu Eino amezikwa, mchungaji alihubiri mpaka kahawa ikapoa. Beri za msituni sikwenda kuchuma. Mbu walikuwa wengi.

Na wewe mwandiko wako umekuwa wa sisimizi, mwanamke! Andika herufi kubwa. Karatasi si dhahabu. Barua yako ya mwisho Aimo ndiye aliyenisomea, kwa kuchekesha tu, akiiga sauti yako. Anaiga vibaya.

Desemba si mbali. Desemba iko hapo nyuma ya ghala. Fanya hiyo runinga.

Pia hukujibu swali langu.

Terttu


Tavira, 16 Septemba

DADA TERTTU,

HERUFI NDIZO HIZI, UNARIDHIKA?

Tuko salama. Nimehuzunika kwa Eino, na mkewe nimemwandikia. Huku joto limepungua, naweza kutoka mchana bila kofia. Duarte sasa anajua kunisalimu "huomenta" ya kwetu kila asubuhi, anaitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na mimi namjibu "bom dia" ya kwao, naye ananicheka. Tunaelewana sana.

Terttu, nimeisoma barua yako mara nyingi. Mstari wa beri umeuandika juu ya mstari wa viazi, herufi zimepandana. Mbu, umesema. Wewe ulikwenda kuchuma ukiwa na homa, ukaenda wiki tuliyomzika baba, ukasema baba angependa tuwe na jamu. Mbu!

Sitakuuliza. Ukitaka kusema utasema. Mama alitulea hivyo na mara nyingine namkasirikia kwa hilo.

Najaribu habari ya runinga. Kila nikiishika rimoti naona aibu, na sijui ni aibu ya nini hasa.

Nakupenda. Nimeandika hilo kwa herufi kubwa pia? NAKUPENDA.

Raili


Nurmes, 5 Novemba

Raili, mdogo wangu,

Hujambo, hawajambo wote nyumbani? Hapa theluji ya kwanza imeanguka. Bomba la jikoni liliziba, Aimo kalizibua, kwa hiyo sasa anajiona ana hisa kwenye jikoni langu. Mimi nipo.

Sikia habari. Sirpa Tolonen amealikwa! Bahasha imetoka Ikulu, kwa ajili ya kazi ya kikundi chake cha msituni. Alikuja na hiyo barua mkononi bila hata kuvua viatu, amelowesha zulia lote. Na atavaa gauni la kijani. Nikamwambia kanunue la madukani mjini Kuopio, akasema, "Terttu, nikienda kwa Rais na gauni la mshonaji mwingine nitakufa kwa aibu mlangoni."

Raili, hilo ndilo gauni langu la mwisho. Wewe hukuliona, ulishaondoka. Litapita mbele ya nchi nzima kwa muda wa kupeana mkono tu, kisha basi. Lazima ulione. Simaanishi mtu mwingine, namaanisha wewe, kwa macho yako, kwenye hiyo runinga kubwa.

Kuhusu uongo wako mtakatifu, nimewaza. Unajua runinga imekuuliza nini? Haikukuuliza miguu yako iko kwenye vigae vya nani. Ilitaka kujua ikupe mambo ya watu gani. Mtu akikuuliza sokoni Tavira wewe ni wa wapi, unamjibu Tavira? Mbona basi unaijibu mashine hivyo?

Nakuomba. Nimekuomba nini maisha haya? Hata ile kamera ya baba nilikuachia bila neno. Sasa naomba.

Terttu


Tavira, 18 Novemba

Dada yangu,

NIMEFANYA. Naanza na hilo, salamu zitafuata nyuma, Mama anisamehe.

Barua yako ilifika Jumanne. Wote walikuwa kazini. Niliiweka karibu na rimoti nikanywa kahawa yangu ya mwanasesere mara tatu. Kisha nikafuta kila kitu, mechi za Duarte na vyote, runinga ikawa nyeusi nikadhani nimeiua. Ikaamka. Ikaniuliza tena nchi. Zimepangwa kwa mstari mrefu. Nilipofika kwenye jina la kwetu kidole kilisimama chenyewe, nikalia, Terttu, nikalia kama mtoto aliyeachwa stesheni. Sasa najua aibu ilikuwa ya nini. Niliahidi watu hawa kwamba nimehamia kwa moyo wote. Niliona nikibonyeza pale nitakuwa nimewadanganya wao, si runinga.

Nikabonyeza.

Jioni nikamwambia Duarte yote, na Päivi akitafsiri. Akasema, "Mama, mimi nikihamia kwenu Nurmes, nikiulizwa nitasema natoka Tavira mpaka siku naingia kaburini." Kisha akaanza kuzipanga upya mechi zake bila kunung'unika hata kidogo.

Televisheni yetu ya taifa imeingia! Baadhi ya vipindi inakataa, inaandika havionekani nje ya Finland, yaani bado inajua niko wapi, imenikamata mchana kweupe. Lakini usiku wa Uhuru umeandikwa pale kwamba ni wa watu wote popote walipo.

Uliniuliza kama nina furaha. Asubuhi ninayo. Jioni sina. Hilo ndilo jibu, na usinihurumie, maana jioni za kwetu pia sikuwa nayo tangu mume wangu Olavi alipofariki.

Kwenu saa moja usiku, kwetu ni saa kumi na moja jioni. Nitapiga mapema kidogo.

Mkaidi wako, Raili


Tavira, 7 Desemba

Terttu, dada yangu,

Umelala vizuri? Mimi sikulala. Jana kwenye simu, kabla wageni hawajaanza kupita, ulisema, "Niandikie yote, Aimo anisomee tena." Basi naandika yote. Aimo, soma kwa sauti yako mwenyewe, na ngazi ni yako.

Mishumaa niliiwasha sawa na saa zenu, na huku jua bado halijazama. Bibi Graça akaiona dirishani akaja mbio kuuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni sikukuu ya nchi yetu. Akaniuliza kama tunafanya hivyo kwa furaha. Nikasema ndiyo. Akanitazama, akaenda kuniletea supu.

Duarte alifunga mapazia ili mwanga usipige kioo. Nikakupigia. Wageni wakaanza kupita na wewe ukawa unaniuliza kila mmoja, "Huyu je? Mpe alama." Mara ya kwanza nikadhani unanijaribu. Nikasema zambarau, mikono mirefu, saba. Ukasema sawa, saba. Nikasema huyu amevaa kitu kama shuka ya hospitali, tano. Ukasema tano. Hujawahi kukubaliana nami maishani! Mwaka mmoja tulinuniana mpaka Krismasi kwa sababu ya kola.

Ndipo nikakuuliza, "Terttu, huyu wa sasa amevaa rangi gani?" Nilisikia runinga yako nyuma, muziki ule ule, umetangulia wangu kidogo. Nikasema, "Dada, unaona?" Ukasema, "Angalia mbele, Raili. Sirpa yuko karibu. Usinikosee gauni langu kwa maswali." Na mimi nikaangalia mbele, machozi yakinishuka, kwa sababu ulikuwa umenijibu.

Basi alikuja. Sirpa wetu, anatembea kama mtu anayevuka kinamasi, anapima kila hatua. Gauni ni kijani ya msonobari baada ya mvua. Mabega yamekaa, wala hayavuti. Kiuno umekishika vizuri bila kumbana, na unajua Sirpa ana kiuno cha kufanyia kazi. Alipoinama kidogo kumpa Rais mkono, sufu ilianguka mpaka chini ikatulia pale pale, haikupanda kisiginoni kama yale ya madukani. Mtangazaji akasema, "Gauni hili limeshonwa Nurmes." Nurmes, Terttu, kwa sauti, nchi nzima! Päivi akapiga kelele, Duarte akapiga kelele bila kujua kwa nini. Kisha Sirpa akageuka, tukaona mgongo na vifungo vyote.

Ukauliza, "Alama?"

Päivi alinikanyaga mguu. Alikuwa ameshaelewa. Alininong'oneza, "Kumi, Mama, sema kumi." Na mimi nilikuwa nayo mdomoni, naapa. Nikasema, "Tisa. Kifungo cha pili kutoka shingoni kimetoka nje ya mstari, kiasi cha ukucha."

Ukasema, "Asante." Ukakata.

Päivi hajazungumza nami tangu jana. Kama nimekuumiza, niambie. Kama macho yako yako hivyo tangu kabla sijaondoka na ukaniacha nipande ndege, niambie hilo pia, nami nitakukasirikia vizuri.

Raili


Nurmes, 19 Desemba

Raili wangu,

Kwa herufi zangu hizi kubwa kila ukurasa unabeba maneno machache tu, kwa hiyo hii ni bahasha nene. Posta wamelalamika.

Sote wazima. Sauna ya Krismasi itawashwa, Aimo atapanda ngazi yake kutoa theluji paani. Ameisoma barua yako mara nne, ya nne alilia yeye, nikampa kahawa.

Kwanza mambo ya macho. Ndiyo, tangu kabla hujaondoka. Ningekuambia ungebaki, na magoti yako yangekwisha kwenye barafu hii kwa ajili yangu. Doa limekaa katikati ya kila ninachokitazama. Pembeni naona. Nikimtazama Aimo naona masikio mawili na hapa kati hamna kitu, si hasara kubwa. Daktari anasema halitaleta giza lote. Sasa kasirika, umeahidi.

Pili. Mwambie Päivi aache kukununia. Kile kifungo nilikishona Mei kwa kupapasa. Kidole kiliniambia kimekaa pembeni, nikakipapasa tena na tena, nikajiambia hapana, ni kidole kimezeeka. Nikakiacha. Tangu usiku ule watu hawaishi kuja hapa. Sirpa amesema gauni halina kasoro. Mke wa mchungaji amesema halina kasoro. Aimo amesema kumi, naye hajui kutofautisha gauni na turubai. Wote wananisifu kwa sauti ile ya kuongea na mgonjwa, na kila wakisifu gauni linazidi kuwa mbali nami, sijui tena kama lipo.

Wewe ukasema tisa, kwa sababu ya kifungo. Hapo ndipo nilipoliona, Raili. Lote, mabega, kiuno, mgongo wote wa kijani. Nilikata simu kwa sababu nilikuwa nalia kwa furaha na sikutaka ufaidi.

Kuhusu simu, Mama alikuwa na sababu zake, na enzi zake simu ilikuwa ghali. Sasa yeye amepumzika. Nipigie Jumapili, taarifa ya habari ya usiku ikianza, na uhesabu saa za kwetu. Uniambie mtangazaji amevaa nini. Utaijaza jioni moja, nami pia.

Na usimpe kumi.

Terttu